Makaburi Ndani ya Kompyuta

Chang'ombe, Dodoma
9 Juni 2002

Kwa mume wangu Swalihu uliyenikimbia,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza tena. Upepo wa mwaka huu unavuma kama una kesi na sisi. Mdogo wako Nasma hajambo, kaletewa posa na mtu wa Chemba mwenye mbuzi wengi na meno machache, nimewaambia wazee wasubiri. Bati la jikoni liling'oka, limepigiliwa. Kule Zuzu wamevuna mtama kidogo. Hizo ndizo habari njema, sasa kaa chini.

Ninaandika kwa mkono wangu. Ngumbaru nilisoma miaka miwili na cheti ninacho, sina haja ya kumwandikisha Nasma mambo yangu. Na simu ya kibandani sipigi. Pale unaongea na mjukuu wako, anayesikiliza ni muuza maandazi.

Kompyuta uliyotuma imefika kwa basi, sanduku halijabonyea. Lakini Swalihu, hii si kompyuta ya baba yako. Ile ya marehemu Harithi ilipoungua ulikuja ukachomoa kile kichuma cha ndani, ukasema kila kitu kimo humo, utakihamishia kwenye mpya. Sawa. Nasma kaiwasha hii mpya, ikatokea picha ya majani na mbingu, nzuri. Akabonyeza tena, na ndani ya kioo kikafunguka kioo kingine kidogo, humo ile ya zamani ikaanza kuamka upya na rangi zake zilezile. Nikauliza ni nini hiki. "Kompyuta ndani ya kompyuta, Bibi." Mimi nimekaa na duka miaka ishirini na sita. Mtu akiniletea begi lenye begi ndani, huwa nalipapasa mara mbili.

Tena ni nzito! Juzi alikuja mama mmoja kutafuta kaburi la mumewe. Nasma kaandika jina. Nimekoroga uji wa ulezi, nimeutia sukari, nimeunywa, nimeosha kikombe, ndipo jina likatoka. Nje wamejipanga watu wanane wakinitazama kama mimi ndiye nimewafungia wafu wao.

Unajua haraka yangu inatoka wapi. Watu wa barabara wameshapiga vigingi vyekundu makaburini. Kila familia ipeleke karatasi yenye jina la maiti wake, safu, na namba ya kaburi, kabla ya mwisho wa Oktoba. Aliyeonyeshwa atahamishwa kwa heshima, azikwe upya upande wa juu. Asiyeonyeshwa atapitiwa na greda. Makaburi yetu ni vichuguu na mawe, hayana majina. Daftari la chama cha kuzikana lililiwa na mchwa. Anayejua nani kalala wapi ni ile programu baba yako aliyoiandika mwenyewe, majina elfu moja na mia tatu na zaidi. Na Harithi naye yumo upande wa vigingi.

Nataka karatasi ya Harithi kwanza, kabla ya mtu yeyote. Mimi ndiye mama yake.

Kiharakishe hicho kitu.

Bibi yako,
Mwanne


Dar es Salaam
27 Juni 2002

Bibi yangu, shikamoo.

Barua yako nimeipata Jumatatu. Mimi mzima, kazi zipo, chumba nilichopanga kimepata bomba la maji uani. Mpe pole Nasma kwa mchumba wa Chemba, mwambie meno hayachungi mbuzi.

Usiogope kompyuta iliyo ndani. Programu ya baba inakubali kukaa kwenye ule mfumo wa zamani tu, wa tisini na tano. Na mfumo ule haukubali mashine ya sasa, hauijui diski yake wala kioo chake. Basi nimeutengenezea nyumba ya kuigiza ndani ya mashine mpya. Wenyewe unadhani uko kwenye kompyuta ya baba. Haujui tofauti, na majina ni yaleyale, sijagusa hata moja.

Uzito nadhani ni kosa langu. Mashine nzima ina memori mia mbili hamsini na sita. Mimi kwa ukarimu nikaupa mfumo wa zamani mia na tisini na mbili. Hauhitaji hata nusu yake. Mwenye nyumba, yaani mashine mpya, akabaki na kidogo, akaanza kuhamishia vyombo vyake kwenye diski kila dakika, na diski ndiyo ya polepole. Nasma aufunge mfumo wa zamani taratibu, kwa kuuzima wenyewe kama tunavyozima kompyuta, asichomoe waya. Kisha kwenye mipangilio ya kile kidirisha afute 192 aandike 64. Aondoe na ile picha ya maua nyuma ya kioo kidogo. Kila ukifungua kitu inachorwa upya.

Jaribuni hivyo kwanza. Mengine tutayaona mashine ikiwa nyepesi.

Nasalimu goti.

Swalihu


Chang'ombe
14 Julai 2002

Swalihu,

Waalaykum salaam. Goti limepokea salamu, halijapona. Mbuzi wa Zuzu kazaa mapacha, mmoja ana doa jeupe usoni, nimemchagua. Mchumba wa Chemba kaleta debe la asali. Nasma anasema hamtaki lakini asali anakula.

Sitini na nne yako imeingia. Siwezi kusema uongo, kuna nafuu. Sasa nakoroga uji na jina linatoka kabla sijaunywa. Bado ni aibu, lakini aibu fupi.

Ila barua yako nimeisoma mara nne. Memori, kioo, maua, mwenye nyumba na vyombo vyake. Mara ya nne nikaigeuza nyuma nione kama kuna maandishi. Nimekuomba karatasi ya baba yako, hakuna neno hata moja la baba yako. "Mengine tutayaona." Mengine yapi?

Basi nikamwambia Nasma, duka likiwa tupu, andika Harithi Shaban. Kaandika. Tukangoja. Ikatoka: HAKUNA JINA HILO. Nikamwambia umekosea, rudia. Karudia kwa herufi kubwa, karudia kwa herufi ndogo, kaweka jina la babu yake mbele. HAKUNA JINA HILO. Nasma akaanza kulia, nikamtuma chumvi.

Swalihu, umemfanya nini baba yako?

Nauliza kwa sababu kichuma kile ulikaa nacho Dar miezi miwili. Kilitoka hapa na watu wote ndani. Bashiri, katibu wa chama, unamjua alivyo na maneno, alikuja jana akakaa kwenye benchi langu, akasema, "Bi Mwanne, mjukuu wako kakuletea kompyuta mbili katika moja. Sasa ipi ndiyo yenye majina ya kweli?" Nilimjibu anywe chai aende. Lakini swali lake silali nalo vizuri.

Kama umemfuta, hata kwa bahati mbaya, sema. Kupiga nitakupiga, lakini sema.

Mwanne


Dar es Salaam
25 Agosti 2002

Bibi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa safarini Morogoro kikazi. Nafurahi kusikia habari za mapacha.

Ndani ya bahasha kuna diski bapa nyeusi. Isipitie karibu na spika ya redio, wala mtu asiikunje. Ina vitu viwili na Nasma ataviingiza kwenye mfumo wa zamani. Kimoja kinaufundisha mfumo kukichora kioo kidogo bila kuhangaika, maana sasa unachora nukta moja moja. Cha pili ndicho kikubwa. Bibi, mfumo wa zamani haujui kupumzika. Ukikosa kazi hauketi. Unazunguka palepale kwa nguvu zote ukiuliza kuna kazi, kuna kazi, kuna kazi. Zamani haikudhuru, mashine ilikuwa yake peke yake. Sasa mashine ya nje inadhani unafanya jambo la maana, inaupa nguvu yote, yenyewe inaishiwa. Hicho kiprogramu kinauambia: kama hakuna kazi, kaa. Nasma asafishe pia diski ya ndani kwanza, kisha ya nje, mafaili yamesambaa. Na ile kinga ya virusi ya nje aiambie isilikague lile faili kubwa la mfumo wa zamani. Kila programu ya baba ikigusa kitu, kinga inalipekua lote upya.

Sijamfuta baba. Naapa. Faili la majina lina ukubwa uleule lililokuwa nao siku niliyolitoa.

Lakini nami naomba kuuliza. Wewe huwa unakwenda makaburini. Nasma aliniambia zamani kwamba una kaburi unalomwagilia. Si unalijua kaburi la baba? Mbona unaiuliza mashine?

Swalihu


Chang'ombe
1 Septemba 2002

Swalihu,

Salamu sina leo.

Ulikuwa Morogoro? Mjomba wako alikuona Kariakoo siku mbili kabla ya tarehe ya barua, umebeba nyanya.

Habari ya mzee asiyejua kupumzika nimeielewa, na nimejua unamsema nani. Diski yako imeingia. Asubuhi kompyuta inakwenda vizuri, jina linatoka nikiwa bado nafungua kopo la sukari. Kuanzia saa sita mchana inarudia uzito wake. Saa tisa imekufa kabisa. Bashiri kataka orodha ya makaburi yote kwa safu. Tuliiagiza saa saba, ikazunguka mpaka saa kumi na moja, umeme ukakatika, tukabaki na karatasi nyeupe. Kasema mbele ya watu kwamba tunaficha.

Kaburi la Harithi mimi nalijua. Usiniulize tena hilo. Karatasi ni ya watu wa barabara, si yangu. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba, wewe ndiye ungetakiwa kulijua. Sisi wanawake hatufuati jeneza, tunabaki nyumbani na mikeka. Mwanamume ndiye anayeshuka kaburini na kupokea. Wewe ulikuja siku ya nne, ukasema basi liliharibika.

Umebakiza wiki nane.

Mwanne


Dar es Salaam
15 Septemba 2002

Bibi, shikamoo, na hasira zako pia nazisalimu.

Nianze na mashine, maana ni rahisi.

Nasma ameandika neno kwa kalamu ya risasi nyuma ya bahasha yako, pale unapolamba gundi. Ameandika: "Bibi anaifunika." Nimempigia dukani kwa jirani, akanihesabia. Kitambaa cha kufuma juu ya kioo, cha pili juu ya sanduku, na cha tatu, kile kizito chenye tausi, umekikunja ukakipachika nyuma kwa pini kwa sababu kuna tundu linapuliza vumbi. Bibi, lile tundu ni feni. Mashine inapumulia pale. Ikipata joto inajipunguza mwendo yenyewe isiungue, ndiyo maana asubuhi nzima na mchana maiti. Nimekaa miezi mitatu nikilaumu mfumo wa zamani. Usifunike inapofanya kazi. Usiku imezimwa, ifunike hata kwa blanketi.

Sasa la pili.

Baba hayumo. Nililijua hilo tangu Mei, kompyuta ikiwa bado mezani kwangu. Nilimtafuta yeye wa kwanza, kama ulivyofanya wewe. Hakufutwa, Bibi, hakuwahi kuandikwa. Aliyekuwa akiandika ni yeye. Wiki ile aliyokufa hakuna aliyekaa kwenye kiti chake. Nasma alipoanza kuandika, alianza na aliyefuata. Sikukuambia. Nilidhani mashine ikiwa nzito hamtamtafuta, nami nitapata muda wa kuuliza wazee waliozika. Nimewauliza watatu kwa simu. Kila mmoja ananielekeza pengine.

Wala basi halikuharibika. Ujumbe wa kifo ulinifikia ofisini saa sita mchana. Tiketi ya basi la jioni nilikata. Baba alikuwa amenitaka nirudi nyumbani nishike ile programu, nami nilimwambia ni takataka ya zamani, itupwe. Hayo yalikuwa maneno yetu ya mwisho. Nilifika stendi nikaona siwezi kuja kubeba jeneza la mtu niliyemwambia hivyo. Nikakaa pale mpaka basi likaondoka.

Sina cha kujitetea. Nina njia moja tu. Wachimbaji wetu hawaruki, wanafuata safu, kaburi kwa kaburi, kwa tarehe. Kwenye programu ya baba chagua kazi ya tano, orodha kwa safu. Inapitia majina yote upya kwa kila safu, ndiyo maana ilishindwa na joto. Ianzishwe asubuhi mapema, vitambaa vyote vikiwa mbali. Ikitoka, tafuteni Juni ya mwaka tisini na tisa. Pasipo na jina, ndipo alipo.

Swalihu


Chang'ombe
6 Oktoba 2002

Swalihu bin Harithi,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Nasma kakubali mtu wa Chemba, kumbe meno yalivunjwa na ng'ombe, si uzee, mwenyewe ana miaka thelathini tu. Goti linanisumbua zaidi na sababu utaiona mbele.

Vitambaa nimeviondoa. Sikuona haja ya kumwandikia mtu habari ya vitambaa vyangu, kila kitu cha thamani nyumba hii kina kitambaa, na vumbi la hapa wewe umelisahau. Nasma nimemnunia siku mbili kwa ajili ya bahasha.

Jumanne tuliiagiza ile orodha saa moja asubuhi. Nikamwita Bashiri aje akae aone kwa macho yake, asije akasema tena. Saa mbili na robo printa ya Harithi ikaanza kulia. Bashiri karuka kwenye benchi kamwaga chai. Imetoa kurasa thelathini na moja zilizoshikana, zimekwenda mpaka mlangoni. Tumepiga magoti juu ya saruji, mimi na goti langu, Nasma anasoma, mimi nafuata kwa kidole. Mapengo yalikuwa matano, manne ya miaka ya nyuma sana. La tano ni safu ya kumi na nne. Kaburi la tisa, tarehe tatu Juni tisini na tisa. Kaburi la kumi na moja, tarehe ishirini na moja. La kumi halina mtu. Harithi alizikwa tarehe kumi na mbili.

 Bashiri alivua kofia akaivaa tena.

Tukaenda makaburini kuhesabu kutoka ukutani. Na sasa nitakuambia jambo, nikishaliandika sitaki kulisikia mdomoni mwako hata siku moja. Mimi kaburi la Harithi nilikuwa silijui. Siku ya arobaini nilikwenda makaburini, Bashiri akaninyooshea kidole akiwa nje ya ua, "Pale, Bi Mwanne." Pale palikuwa na vichuguu vibichi viwili. Niliona aibu kuuliza ni kipi. Mama mzima unauliza mwanao yuko wapi? Nikachagua kile kilichosimama vizuri. Nikapanda mrehani. Miaka mitatu kila Alhamisi nimebeba ndoo, nimekaa, nimemweleza habari za duka, nimemweleza habari zako.

Lile ni la kumi na moja. Karatasi inasema ni Yusra binti Salimu. Yusra yule wa vitumbua, aliyesema mbele ya watu kwenye arusi ya Cecilia wa posta kwamba pilau langu lina mchanga. Miaka tisa hatukusalimiana mpaka akafa, na siri zangu zote nimempa yeye.

La kumi lilikuwa pembeni, limedidimia, limeota miiba. Nimeing'oa kwa mkono. Nasma alitaka kusaidia nikamkataza.

Kuhusu basi: nilijua. Konda wa basi lile la jioni anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliniambia kesho yake kwamba kiti kilichoandikwa jina lako kimekuja kitupu kutoka Dar. Ulipokuja na hadithi ya basi kuharibika nilikupa chakula ukala. Sikukuuliza kwa sababu niliogopa utanijibu.

Karatasi imeandikwa: Harithi Shaban, safu kumi na nne, kaburi kumi. Nasma ameshamwingiza kwenye programu pia, na nimemtafuta mwenyewe kwa kidole changu, kanitokea mara moja. Watu wa barabara wamepokea na kugonga muhuri. Watamhamisha Jumamosi tarehe ishirini na sita, saa nne asubuhi. Yusra naye nimempelekea karatasi, hana mtu hapa mjini. Watakwenda pamoja upande wa juu, na mrehani nitauhamisha na yeye, umeshashika mizizi kwake.

Mashehe wamesema anahitajika mwanamume wa damu yake ashuke, ampokee, amlaze. Nimewaambia yupo.

Njoo Ijumaa. Uvae nguo ya kuchafuka.

Bibi yako,
Mwanne